ART ya Australia: rufaa ya viza ya mwanafunzi inamfaa nani?

Kwa mwanafunzi aliyenyimwa viza namba 500 akiwa ndani ya Australia, Administrative Review Tribunal, yaani ART, baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali, ni huduma yenye thamani. Aliyeombea Nairobi au Dar es Salaam na kukataliwa akiwa huko, kwa kawaida mlango huu haumhusu: arekebishe kasoro, aombe upya. Barua ya kukataliwa husema kama una haki ya rufaa. Isome kabla hujamlipa wakala yeyote.

ART ilirithi kazi ya AAT, baraza lililoitangulia, tarehe 14 Oktoba 2024. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haitafuti tu kosa la afisa aliyekunyima viza. Inalipima ombi lako upya na kupokea ushahidi ambao afisa hakuuona. Ukishinda, kwa kawaida ombi hurudishwa kwenye idara ya uhamiaji likamilishwe, kwa hiyo viza haitoki siku hiyohiyo.

Muda wa kukata rufaa ni siku 28 tangu kujulishwa, na hapa hakuna huruma. Barua pepe huhesabiwa imekufikia siku ile ile iliyotumwa, hata kama hukuifungua. Ada inazidi dola 3,400 za Australia. Mwenye hali ngumu kifedha anaweza kuomba alipe nusu, na anayeshinda hurudishiwa nusu. Bado ni ghali mno kwa mwanafunzi, na kesi zilivyorundikana, kusubiri kunaweza kupita mwaka.

Kusubiri huko ndiko kunakowaangusha wengi. Siku ya uamuzi lazima uwe na CoE hai, yaani hati ya kuandikishwa chuoni. Aliyeacha masomo akingoja rufaa hushindwa hapo hapo, hata kama nia yake haina doa. Na ukiwa na viza ya mpito A, inayokuruhusu kukaa Australia ukingoja uamuzi, usitoke nchini kabla ya kupata viza ya mpito B, inayokuruhusu kutoka na kurudi, hata kwa msiba; ukitoka, ile A inakufa.

Sasa kiini cha kesi. Maombi ya kabla ya 23 Machi 2024 hupimwa kwa kigezo cha nia ya kukaa kwa muda. Ya kuanzia siku hiyo, kwa kigezo cha mwanafunzi wa kweli. Vyote viwili hutazama hali yako nyumbani, hali yako Australia, faida ya kozi na historia yako ya viza. Maelezo ya kunakili, "elimu ya Australia ni bora duniani", hayasaidii kitu. Chukua barua ya kukataliwa, jibu kila sababu kwa hati yake. Umeshuka kutoka shahada hadi cheti? Eleza kwa nini, uweke matokeo ya chuo. Kozi ipo pia nyumbani? Linganisha masomo, ada na mafunzo ya vitendo. Kazi utakayorudia? Barua ya mwajiri yenye cheo na mshahara ina uzito kuliko hati ya kiwanja pekee.

Wakala wa Australia awe na namba ya MARA, mamlaka inayosajili mawakala wa uhamiaji. Itafute kwenye rejista kabla ya kulipa. Akikuahidi ushindi, mwache.

Ukishindwa ART, mahakama ina dirisha la siku 35, ila huangalia kosa la kisheria tu. Ushahidi wako wote uweke ART.