Wataalamu Watatu na Kufuli Moja

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyonipeleka kwa hawa watu. Mimi ni mfamasia katika mji mdogo, wa aina ile ambayo ukipiga chafya asubuhi, jioni unaulizwa kama mafua yameisha. Siri za mji zinapita mbele ya kaunta yangu: nani anameza vidonge vya presha, nani hapati usingizi, nani kanunua kipimo cha mimba huku akiangalia mlangoni. Nazitunza. Ilipofika zamu yangu ya kutafuta mtu wa kunitunzia siri, nikajikuta sina pa kuipeleka.

Miaka mitatu iliyopita nilikaribia kumpa mgonjwa wa baridi yabisi methotrexate yenye lebo iliyoandikwa "kimoja kila siku". Kwa ugonjwa ule dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Niliona kosa kabla mgonjwa hajafika mlangoni, nikamwita, nikabadilisha lebo, akashukuru akaondoka. Hakuna aliyedhurika. Mimi ndiye niliyebaki na lile kosa. Nikaanza kuhesabu vidonge mara mbili, zikawa nne, zikawa saba. Usiku nilikuwa narudi dukani na tochi kuhakikisha kufuli, na nikishafika pale nafungua kabisa ili nipitie daftari la dawa zilizotoka. Mume wangu aliacha kuniuliza naenda wapi.

Kwa hiyo haya ni maoni yangu kuhusu wataalamu watatu wa tiba ya mazungumzo niliowapitia. Majina siyataji.

Wa kwanza: wa hapahapa mjini. Nyota mbili.

Ni mshauri nasaha, na kwa mji wetu ni yeye tu. Mama mpole, ana sauti ya kumtuliza hata mtoto mwenye homa. Nikimweleza kwamba jana huenda nilichanganya dozi, ananishika mkono: "Dada, wewe ni makini mno. Huwezi kukosea. Lala, upumzike." Nilitoka pale mwepesi kama karatasi, na wepesi ule haukufika jioni. Kesho yake nilitaka anirudie maneno yaleyale. Ikafika mahali namtumia ujumbe katikati ya wiki kumwuliza kama bado anaamini sikukosea, naye kwa wema wake anajibu.

Sikujua wakati ule kwamba kila faraja aliyonipa ilikuwa inaulisha ugonjwa wangu. Ugonjwa wenyewe wataalamu huuita OCD: wazo la kutisha linang'ang'ania kichwani, mtu anafanya kitendo cha kulituliza, utulivu unadumu kidogo, wazo linarudi na njaa zaidi. Kuhesabu ni kitendo. Kukagua kufuli ni kitendo. Kuomba kuhakikishiwa nako ni kitendo, hata kama anayekuhakikishia amekaa kwenye kiti cha mtaalamu.

Halafu kuna mambo ya mji wenyewe. Benchi lake la kusubiria linatazama barabara, na nilisalimiwa na watu wanne siku ya kwanza. Mmoja akaniuliza nimeleta dawa za nani. Lililonivunja nguvu ni siku alipokuja yeye dukani kwangu na cheti cha daktari. Nikamwagia vidonge kwenye trei, naanza kuvisogeza viwili viwili, nainua macho, naona anatazama mikono yangu. Nilihesabu mara nane. Hakusema neno, wala hakukosa adabu; angenunua wapi kwingine? Lakini tulijuana pande mbili, na sikuweza tena kumwambia yote. Ningemsemaje wifi yangu, wakati wanaimba pamoja kwaya?

Wa pili: saa mbili na nusu kwa basi. Nyota tatu.

Huyu ni mwanasaikolojia mwenye ofisi kwenye jiji kubwa, ghorofa ya tatu, lifti yenye kioo, hakuna anayenijua. Hilo tu nililipenda kiasi kwamba kikao cha kwanza nilizungumza mfululizo. Dakika 50 kwa saa ya ukutani, haongezi wala hapunguzi. Siku ya kwanza alinieleza mipaka ya usiri kwa lugha ya moja kwa moja: anachosikia kinabaki pale, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kujidhuru au kumdhuru mwingine, au mtoto anaumizwa. Wa kwanza hakuwahi kuniambia hayo.

Njia yake ni ile ya kuchimba utotoni, yenye asili yake kwa Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya namna hiyo. Tulichimba. Tulimpata baba yangu, mtu wa kukagua madaftari yetu kwa kalamu nyekundu, na nililia kilio nilichokuwa nimekibeba muda mrefu. Sijutii. Nilirudi nyumbani nikampigia simu mzee, tukaongea kama hatujawahi.

Lakini vidonge viliendelea kuhesabiwa mara saba. Kikao cha kumi na moja nikamwuliza, "Tutajuaje kama napona?" Akanyamaza, akainamisha kichwa, akasema, "Swali hilo linakuambia nini kuhusu wewe?" Linaniambia kwamba basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja, nikajisemea moyoni, na nikainuka. Kwa mtu mwenye majonzi, au anayetaka kujielewa, ningemwelekeza kwake bila kusita. Kwangu alikuwa fundi mzuri wa kazi nyingine.

Ni hapo nilipojilaumu kidogo. Mtu akija kwangu na maumivu simpi dawa kwa sababu boksi lake lina rangi ya kupendeza; nauliza maumivu yako wapi. Mbona tiba niliichagua kwa sauti ya upole, na mara ya pili kwa umbali? Nikakaa nikasoma miongozo ya matibabu kama ninavyosoma vipeperushi vya dawa. Kwa OCD kuna njia iliyopimwa vizuri, msingi wake ni kazi aliyoichapisha mwanasaikolojia Victor Meyer mwaka 1966: unakabili kile unachokiogopa, halafu hufanyi kile kitendo chako cha kujituliza. Kwa kifupi wanaiita ERP. Dawa zipo pia, za jamii ya fluoxetine, zilezile zinazotumika kutibu sonona, na kwa ugonjwa huu mara nyingi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema zimeshindwa. Hizo huandikwa na daktari. Mwanasaikolojia katika nchi nyingi haandiki dawa, na wengi wanachanganya hapo. Mimi niliamua kuanza na mazungumzo. Kumeza dawa niliyojihesabia mwenyewe, kwa hali niliyokuwa nayo, ilikuwa kichekesho.

Wa tatu: kwa video. Nyota nne na nusu.

Kabla ya kumlipa chochote nilimpigia simu na maswali matatu. Umeshatibu watu wenye OCD? Utatumia njia gani? Tutapimaje? Alijibu yote kwa dakika kumi bila kukasirika. Nilihakiki pia jina lake kwenye rejista ya bodi inayotoa leseni, na nikamwuliza kama leseni yake inamruhusu kumhudumia mtu anayeishi ninapoishi, kwa sababu kumbe video haivuki mipaka ya sheria kirahisi kama inavyovuka milima. Nilisubiri wiki saba kupata nafasi.

Kikao cha kwanza alinipa dodoso la kupima ukali wa OCD: maswali 10, alama ya juu kabisa, yaani mbaya kabisa, ni 40. Nilipata 26. Kisha tukajenga ngazi ya hofu, kutoka 0 hadi 100: kufunga duka na kukagua kufuli mara moja tu, 40, kumpa mgonjwa vidonge bila kurudia hesabu, 65, kutoa methotrexate na kwenda nyumbani bila kufungua daftari, 95.

Hapo nikambishia. Nikamwambia, mama, mimi siogopi nzi, naogopa kuua mtu, na mfamasia asiyekagua ni hatari. Hakubishana. Aliuliza, "Utaratibu wa taaluma yenu unasema mkague mara ngapi?" Nikajibu: nahesabu mimi, kisha msaidizi anahakiki lebo, basi. "Vizuri. Huo ndio mpaka wetu. Hatupunguzi hata chembe. Kuanzia hesabu ya pili yako, huo ni ugonjwa unahesabu." Sijawahi kusikia mtu akiutenganisha ugonjwa wangu na kazi yangu kwa sentensi fupi namna ile.

Mazoezi tuliyafanya dukani baada ya kufunga, simu ikiwa imeegemezwa kwenye katoni la glavu. Namwaga vidonge 30, nasogeza, nafunga kopo, naliweka rafuni. Mikono inaniwasha. Namwuliza, "Umeona vilikuwa 30?" Anajibu, "Labda." Jibu lake daima ni labda. Nilimchukia kwa ile labda. Anakaa nami kwenye kioo, ananiuliza hofu iko ngapi: 80, 80, 75, kimya kirefu, 60. Usiku ule sikurudi dukani. Sikulala pia, nisidanganye.

Kasoro anazo. Mtandao wetu ukikata, unakata katikati ya hofu, unabaki na 80 yako peke yako na kopo. Faragha ni shida: nyumbani kuta nyembamba, kwa hiyo naongelea stoo, nimekalia ndoo. Na kikao cha sita alinipandisha ngazi haraka mno, nikatoroka, nikaenda kuhesabu kopo zima. Nilijikaza nikamwandikia kwamba amenikimbiza. Kikao kilichofuata alianza na hilo hilo, akakiri, tukashuka ngazi moja. Nusu nyota niliyompunguzia ni ya mtandao. Kwa lile la kunikimbiza simdai kitu, maana pale ndipo nilipoanza kumwamini.

Baada ya vikao 16 dodoso lilisoma 12. Sasa tunaonana mara moja kwa mwezi. Wiki iliyopita yule mama mshauri wa kwanza alikuja tena na cheti chake. Tukasalimiana, akaniulizia watoto. Nikamwaga, nikasogeza viwili viwili, nikafunga, msaidizi akahakiki lebo, nikampa. Alipofika mlangoni mkono wangu ulikuwa umeshashika trei tupu, sijui ulikuwa unatafuta nini pale. Nikauacha uishike.