Ruzuku ya Pollock-Krasner: tathmini ya mchoraji wa makamo

Nina miaka 44, na huu ni mwaka wa 18 naishi kwa brashi. Nachora sebuleni kwangu, Sinza, Dar es Salaam. Picha yangu kubwa kuliko zote ina upana wa sentimita 120, na haikuishia hapo kwa sababu wazo lilikwisha. Ukuta ndio uliokwisha. Ukipita hapo ni kabati la vyombo.

Kwa miezi mitatu iliyopita nimeshughulika na maombi ya ruzuku ya Pollock-Krasner Foundation ya New York. Wenzangu wengi wameniuliza kama kweli inafaa, kwa hiyo naandika yote niliyoyaona.

Kwanza tuelewane kuhusu umri wetu kwenye kazi. Matangazo mengi ya ruzuku yanamtafuta anayeanza. Prince Claus Fund ya Amsterdam ina tuzo yake ya euro 5,000 kwa wasanii wa miaka ya mwanzo. Elizabeth Greenshields Foundation ya Montreal nayo ni ya wanaoanza, tena wale wanaochora vitu vinavyotambulika. Ni mipango mizuri na vijana waiombe. Upande wa pili kuna Gottlieb Foundation, inayotaka uwe na miaka 20 ya kazi iliyokomaa. Mimi sijafika huko. Aliye katikati ameshafanya maonyesho yake manne matano, ameshajulikana kwa mtindo, na hapo ndipo anaponasa. Mimi wananijua kwa picha za wachuuzi wa soko la samaki la Feri. Kila anayepiga simu anataka mama mwenye beseni kichwani na bahari nyuma. Nikipeleka kitu kingine, kinarudi. Nahitaji mwaka mmoja wa kuchora kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, na mwaka huo una kodi ya nyumba, ada za watoto na chakula.

Ndiyo maana nimewapenda hawa. Fedha yao inaruhusiwa kununua rangi na kanvasi, kulipia studio, kuandaa maonyesho, kwenda kukaa mahali pa wasanii kwa muda, na hata gharama za kuishi. Soma hilo la mwisho tena. Hukuombwa uanzishe mradi wa jamii wala uendeshe semina, na hutaandika ripoti ya kuonyesha vijana wangapi "wamewezeshwa". Nimeshachora kwa fedha za miradi ya namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili muda wangu mwingi uliishia kwenye orodha za mahudhurio. Hapa unaombwa uchore. Kiwango kinafika dola 50,000 kwa mwaka mmoja, na anachopewa mtu kinategemea hali yake na rekodi yake ya maonyesho. Hawalipi madeni ya nyuma, hawanunui kiwanja wala nyumba, na hawagharamii kazi uliyoagizwa na mtu mwingine.

Nadhani roho hiyo imetoka kwa mwenye mali iliyoianzisha taasisi hii. Lee Krasner alikuwa mchoraji. Mwaka 1945 aliolewa na mchoraji mwenzake, Jackson Pollock, wakahamia Springs, nje kabisa ya New York, kwenye nyumba waliyoipata kwa mkopo wa dola 2,000 kutoka kwa Peggy Guggenheim, mwenye nyumba ya sanaa. Mume alichukua banda la nje akachora zile picha kubwa tunazozijua. Mke alichorea kwenye chumba cha juu, vipicha vidogo vidogo. Pollock alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1956, na baadaye Krasner akaingia kwenye lile banda. Mwaka 1957 alichora The Seasons, picha yenye upana wa zaidi ya mita 5. Alikuwa anakaribia miaka 50. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu nikilitazama kabati langu la vyombo. Alifariki mwaka 1984, na mwaka uliofuata taasisi ikaanzishwa kwa mali aliyoiacha, kwa ajili ya wachoraji, wachongaji, wachapaji wa picha na wanaofanya kazi juu ya karatasi, wa nchi yoyote.

Maombi yenyewe: barua, historia ya maonyesho, picha 10 za kazi za hivi karibuni, na maelezo ya mapato na matumizi yako. Wanapima mambo mawili pamoja, ubora wa kazi na uhitaji.

Zile picha 10 ndizo zilizonitoa jasho. Nilizipanga sakafuni, nikamwita rafiki yangu, mchoraji mwenzangu, aje anipe jicho. Alizunguka mara moja akasema, "Dada, hizi saba ni picha moja." Iliniuma, na alikuwa sahihi. Nilizitoa tano nikaweka zile ambazo hazikuuzika: miguu ya wavuvi kwenye tope, mizani tupu, magamba peke yake. Kuzipiga picha, usitumie mwanga wa taa. Mimi nilitoka barazani saa moja asubuhi, kivulini, kazi imesimama wima, na simu iko usawa wa katikati ya kanvasi. Siku ya kwanza nilipiga saa sita mchana, bluu zote zikageuka kijivu.

Sehemu ya fedha ni ngumu kwa namna nyingine. Sisi tumelelewa kutofunua sufuria mbele ya mgeni. Hapa unafunua. Niliandika kila kitu: siku mbili kwa wiki nafundisha shule ya binafsi, mwaka mzima nimeuza picha nne, kodi kiasi hiki. Anza kuweka daftari la mapato leo hata kama huombi popote. Nilipoteza wiki nzima nikitafuta ujumbe wa malipo kwenye simu ya zamani.

Na tahadhari moja. Kabla sijaanza, kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp alijitambulisha kama "wakala" wa ruzuku za nje. Nilimtumia shilingi 250,000 za "usajili", hajaonekana tena. Kuomba kwenyewe hakuna ada, na wakala hahitajiki.

Nawapa nane kwa kumi. Mbili nazitoa kwa sababu ya hitaji la kuwa umeonyesha kazi kwenye sehemu za kitaaluma kama nyumba za sanaa na makumbusho. Mimi nimepenya: maonyesho mawili Nafasi Art Space pale Mikocheni, moja Alliance Française, moja Nairobi. Lakini namfahamu bwana mmoja anayechora kwa mtindo wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Dar, mwenye mkono mzuri kuliko mimi. Amechora tangu ujanani, amelea familia kwa kazi hiyo, na hana hata kadi moja ya mwaliko wa maonyesho yenye jina lake. Fomu ile haina pa kumweka, na hilo si haki.

Kama hitaji lako ni nafasi na utulivu kuliko fedha, angalia pia Thami Mnyele Foundation, Amsterdam, inayowapokea wasanii wa Afrika kwa miezi mitatu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hapa nyumbani hutoa mikopo. Ukiwa na biashara ya kuchapa fulana au kadi, utakufaa. Mimi sikuthubutu kukopa kwa ajili ya picha ambazo sijui kama zitanunuliwa.

Nimeshatuma. Majibu bado. Jumamosi nilikwenda Kariakoo nikanunua mita sita za kitambaa cha marekani, fundi akaunga vipande viwili kwa mshono bapa. Mama mwenye nyumba amenikubalia niiwambe uani, ukutani kwake, mpaka mvua zitakapoanza.