Ruta ya Mfukoni kwa Mtandao wa Nyumbani: Ipi Inafaa Kununuliwa Mwanza

Mwanza imejengwa juu ya vilima na miamba ya granaiti, na kwa sababu hiyo nyumba mbili za jirani huko Mabatini au Igogo zinaweza kupata mawimbi tofauti kabisa, moja ikiutazama mnara na nyingine ikikingwa na jabali. Kabla ya kuingia dukani, mnunuzi aazime laini za kampuni mbili au tatu, aziweke kwenye simu ya 4G, kisha apime kasi mahali hasa ruta (kifaa cha kugawa intaneti kwa waifai) itakapokaa, na afanye hivyo usiku saa mbili au saa tatu, wakati watu wengi wako mtandaoni. Simu nyingi za Android huonyesha nguvu ya mawimbi katika sehemu ya hali ya laini kwa namba hasi: -85 ni nzuri, na -115 ni dhaifu kiasi kwamba hakuna ruta ya mfukoni itakayoleta tofauti kubwa.

Nafasi ya kwanza ninaipa ruta ya mfukoni ya 4G inayokubali laini zote na yenye betri inayotolewa kwa mkono. Mpangaji anayehama kutoka Nyegezi kwenda Buswelu huenda akakuta kampuni aliyoizoea haina nguvu huko, na ruta iliyofungwa kwa kampuni moja itamlazimu kununua nyingine. Kifaa hiki huwekwa popote mawimbi yanapoingia vizuri, mbali na nondo za dirisha, kwa kuwa chuma huyadhoofisha. Umeme ukikatika, betri ya miliampea-saa (mAh) 2,000 hadi 3,000 huendelea kwa saa kadhaa. Ruta nyingi za aina hii hupokea vifaa 10 kwa pamoja, idadi inayoitosha familia yenye simu nne au tano na kompyuta moja.

Hata hivyo, ruta hii iliundwa kwa ajili ya safari, na nyumbani huishia kuchomekwa kwenye umeme usiku na mchana. Hapo ndipo nyingi huharibika. Betri ya lithiamu inayokaa kwenye chaji bila kupumzika, tena katika joto la chumba kisicho na dari chini ya bati, huvimba hadi kuusukuma mfuniko, na inaweza hata kushika moto. Baadhi ya ruta hufanya kazi kwa umeme wa chaja betri ikiwa nje, nyingine hukataa kabisa kuwaka. Jambo hili lijaribiwe dukani mbele ya muuzaji, kwa maana jibu la mdomo halitoshi. Chaja iwe ya volti 5 na ampea 2, kwani iliyo dhaifu huifanya ruta ijizime na kujiwasha vifaa vinapoongezeka. Betri iliyovimba iondolewe mara moja, wala isitobolewe.

Ya pili ni ruta ya mezani inayotumia laini ya simu na umeme wa ukutani, na kwa mtu mwenye nyumba yake asiyetarajia kuhama ningeipandisha hadi ya kwanza. Antena zake ni kubwa zaidi, nyingi hupokea vifaa 32, na ina matundu ya waya kwa ajili ya televisheni au kompyuta ya mezani. Zile zenye tundu la antena ya nje huwafaa walio nyuma ya mlima, na vilevile wakazi wa Ukerewe na visiwa vingine ambao mnara wao wa karibu uko ng'ambo ya maji. Gharama yake iliyojificha ni betri ya akiba ya volti 12, maana bila hiyo intaneti huondoka pamoja na umeme. Tena Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Antena ya nje ifungiwe waya wa ardhini na fundi anayejua kazi hiyo, na ruta ichomolewe mvua inapoanza kunguruma.

Ya tatu ni ruta ndogo ya safari isiyo na tundu la laini, ambayo hupokea intaneti kutoka kwa waya au waifai iliyopo na kutengeneza mtandao wako wenye nywila yako. Inawafaa wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT waliopanga Malimbe katika nyumba ambayo mwenye nyumba tayari amevuta faiba. Penginepo haina kazi. Modemu ya USB inayorusha waifai ninaiweka ya nne kwa sababu hupata moto haraka, na hotspoti ya simu ya mwisho, kwa kuwa mwenye simu akitoka nyumba nzima hubaki bila mtandao.

Ruta yoyote itakayochaguliwa, muuzaji aonyeshe kama ukurasa wake wa mipangilio unaruhusu kusoma ujumbe mfupi na kununua bando, vinginevyo laini itakuwa ikitolewa kila bando linapokwisha. Video ya ubora wa HD hula takriban gigabaiti 3 kwa saa, hivyo ukurasa wenye uwezo wa kuweka kikomo cha matumizi ni wa thamani kubwa. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo kwa kawaida huandikwa chini ya betri, itumwe kwa ujumbe kwenda 15090 ili kuthibitisha kwamba kifaa si bandia, na hilo lifanyike kabla ya kulipa.