Ndege za raba kwa klabu ya shule: seti nzuri, duka hapana

Nimekaa na hizi seti za ndege ndogo za kuunganisha, zinazorushwa kwa nguvu ya raba, karibu muhula mzima ndo naandika, sitaki kuwa kama wale wanaofungua boksi leo na leo hiyo washatoa nyota tano.

Mimi nafundisha fizikia shule moja ya serikali upande wa Changamwe, Mombasa, na kwa asiyepajua, hapa ndege za kutua Moi International zapita juu ya paa mpaka mwalimu anyamaze kwanza ndo somo liendelee. Watoto wa hapa wameziona ndege tangu wakibebwa mgongoni, lakini uliza mmoja kwa nini ile kitu haianguki atakwambia "injini". Basi, kamaliza. Sasa Gredi 10 wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Januari 2026 na kwenye mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) Aviesheni, yaani mambo ya ndege, imo kama somo la ufundi, wazazi washaanza kuniuliza sisi twaileta lini. Nawaambia sisi si Mang'u. Mang'u High kule Thika ni shule ya serikali kama yetu lakini wao somo hilo wamelifundisha miaka na miaka, kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lina namba yake, 450. Sisi tuna klabu ya Ijumaa saa tisa na nusu, watoto 31 na kabati moja.

Ndani ya kabati kuna droni. Tuliletewa na mfadhili, mashallah nzuri, kamera na kila kitu, na haijaruka hata siku moja kwa sababu kanuni za 2020 zataka droni isajiliwe na anayeirusha awe na idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na sisi na uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Nani atanipa mimi ruhusa?

Ndo nikatafuta kitu cha kurusha bila kuandika barua. Nikaagiza seti kumi za ndege za balsa za kuzungusha raba, duka moja la mtandaoni la Nairobi, shilingi 650 seti moja. Ndani mna bawa lililokatwa tayari, kijiti cha mwili, mkia, propela ya plastiki, waya wa kunasa raba, raba yenyewe moja, na karatasi ya maelekezo ya Kichina yenye picha ndogo kama stempu.

Duka nimalizane nalo kwanza. Walisema siku 3, mzigo ukafika siku ya 9 kwa basi, boksi limebonyea lanuka viazi, mabawa mawili yamepasuka. Nikatuma picha WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Nikapiga simu, dada akaniambia kwa upole kweli kweli "pole sana mwalimu, ikishatoka dukani hatuhusiki". Upole haukuunga bawa, tukaunga wenyewe kwa supa gluu.

Ama seti yenyewe, nimeipenda. Balsa ni mbao nyepesi mpaka mtoto akiishika anaigeuzageuza akidhani anachezewa. Kundi la watatu wanaunganisha kwa dakika 40 hivi, tahadhari na wembe tu. Siku ya kwanza zote ziliruka vibaya na hapo ndo nilianza kuona pesa yangu imefanya kazi. Ya kundi la kwanza ilinyanyua pua, ikapanda, ikasimama hewani kama imesahau kitu, ikaanguka. Wakarudia, vile vile. Binti mmoja wa kidato cha tatu akasema "mwalimu hii yakanyaga breki juu kwa juu". Nikawauliza sasa tufanyeje, karibu wote wakasema tuongeze mizunguko ya raba, yaani injini tena!! Nikawaachia. Wakaongeza, ikapanda zaidi ikaanguka zaidi. Kuna kijana babake ni mvuvi wa Mtongwe, si msemaji, akaja akaishika akasema hii ni kama tanga, ukivuta demani, ile kamba ya tanga, kupita kiasi tanga linakufa na chombo chasimama.

Wallahi nina miaka kumi na moja darasani na sijawahi kueleza stoli vizuri hivyo. Bawa likielekezwa juu kupita kiasi hewa inashindwa kufuata mgongo wake, inabanduka, na ule mwinuko unapotea hata injini ingurume vipi. Wakatoa sarafu ya shilingi tano wakaibandika puani kwa selotepu, ndege ikashusha pua ikaenda laini mpaka ukutani. Na hawa kitovu cha uzito walikisoma kidato cha pili, walitundika kadibodi kwa uzi wakachora mistari wakapata alama zao, lakini hakuna aliyekumbuka mpaka sarafu ilipodondoka na ndege ikarudi kurukaruka kama panzi. Mkinunua, ishikeni kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, robo mpaka theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele, ikitulia hapo au iiname mbele kidogo ndo irusheni. Karatasi ya Kichina labda yasema hivyo, sijui kusoma.

Ubaya upo. Raba moja kwa seti ni uchoyo. Kundi moja walipaka Vaseline ili izunguke vizuri, kesho yake raba imevimba, telezi kama ulimi wa ng'ombe, mizunguko 40 tu ikakatika. Vaseline hutokana na petroli na raba haivumilii kitu hicho. Tukahamia glisirini, hii hii ya kupaka miguu ipo kila duka, na mkivuta raba kwanza halafu ndo mzungushe inafika mizunguko 150 haijakatika.

Unyevu wa Mombasa nao. Bawa likilala kabatini asubuhi limejipinda na ndege inakata kushoto tu kama mkokoteni wa gurudumu bovu. Propela nayo inachangia, yenyewe yazunguka huku mwili wataka kuzunguka kule, lakini kwetu mkosa mkubwa ni bawa. Dawa tuliipata jikoni, mama wa jikoni akatuachia sufuria ya chai, unapitisha bawa juu ya mvuke sekunde chache, unalinyoosha kwa vidole unalishikilia mpaka lipoe. Na kama uko Pwani usirushe nje wakati wa kusi. Tulijaribu Julai uwanjani, moja ikapitiliza ukuta ikaenda zake, askari wa godauni akairudisha siku ya pili haina mkia. Sasa twarushia bwalo la chakula na feni ZIMEZIMWA, msiniulize tulijuaje.

Rekodi yetu ni sekunde 19. Nikawaambia Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya raba kama hii bustani ya Tuileries, Paris, mwaka 1871, ikakaa hewani sekunde 11, nikaendelea kwamba Wilbur na Orville Wright, wale ndugu wa ndege ya kwanza yenye injini, walipokuwa wadogo baba yao aliwaletea kidude cha kuruka cha raba kilichotokana na ubunifu wa huyo huyo Pénaud. Hayo ya Wright hakuna aliyeyasikia, walikuwa washasikia 11 na kelele za "tumempiga Mfaransa" zimemtoa naibu wa prinsipali ofisini.

Duka hilo hilo wana seti ya roketi shilingi 4,800. Sikuinunua na nashauri usinunue, chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli vinafanya kazi ile ile. Watoto wakaona roketi ni mambo ya Marekani mpaka nikawaambia satelaiti inayoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, hapo tu mnapoenda kwa matatu. Wakanibishia mpaka simu zikatoka.

Seti naipa nyota 4 kwa 5, duka 1, na hiyo 1 ni ya upole wa yule dada. Shule yenye hela kidogo achukue tano badala ya kumi, hela inayobaki anunue raba za ziada na msasa. Ila mkague boksi mbele ya mtu wa basi kabla hamjatia sahihi.

Na kama kuna shule iko mbali na uwanja wa ndege inataka droni, haijaguswa, iko kabatini, prinsipali mwenyewe anauliza tuipeleke wapi.