Kupangisha kwa mwenye vocha ya Section 8: uzoefu wangu

Nina nyumba ya kupangisha hapa Marekani, na mpangaji wangu analipiwa sehemu ya kodi kwa vocha ya Section 8, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Swali la kwanza la wenye nyumba wenzangu huwa ni lile lile: pesa inaingia kweli? Inaingia. Mwanzo wa mwezi fungu la serikali limeshafika benki, na mpangaji ananilipa lake, ambalo kwa kawaida huzunguka asilimia 30 ya kipato chake. Alipopunguziwa saa kazini aliripoti kwenye ofisi ya nyumba inayosimamia vocha, fungu lake likashuka, la serikali likapanda, na kodi yangu ikabaki pale pale. Kwa mpangaji asiye na vocha, hapo ndipo simu huanza kutopokelewa.

Shughuli iko mwanzoni. Ofisi ya nyumba ya eneo lako lazima ipitie fomu, ilinganishe kodi unayotaka na ya nyumba kama yako za jirani, kisha mkaguzi aje. Muda wote huo nyumba iko tupu, na benki inadai mkopo wake kama kawaida. Mkaguzi wangu alipita chumba kwa chumba, akabonyeza ving'ora vya moshi, akafungua madirisha, akachomeka kikagua umeme kwenye soketi za jikoni. Alinikwamisha kwa dirisha moja lisilojishikilia likifunguliwa na kwa rangi inayobanduka kwenye fremu. Ya rangi naielewa: nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huenda zikawa na rangi yenye madini ya risasi, na watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Kinachoudhi ni kumsubiri arudi, huku simu ya ofisini ikiita hadi inakata.

Halafu, ofisi haikuchagulii mpangaji. Inaangalia kama anastahili vocha. Kujua kama atatunza nyumba ni kazi yako; mchunguze mwenyewe. Mimi humpigia mwenye nyumba aliyetangulia. (Baadhi ya majimbo hayaruhusu kumkataa mtu kwa sababu ya vocha tu, kwa hiyo weka vigezo vilevile kwa wote.) Na kodi ikishaidhinishwa, usimdai mpangaji nyongeza ya pembeni. Ni marufuku, na unaweza kutolewa kwenye mpango.

Naupa nyota nne kati ya tano. Kama una akiba ya kubeba mwezi mmoja au miwili bila kodi, ingia. Kama kodi ya kwanza ndiyo unayoitegemea kulipia mkopo, subiri kwanza.