Rauta ya kutia laini au fiba? Tulivyomtafutia kijana wetu mtandao Tudor

Mi si fundi wa mitandao jamani, kazi yangu ni viatu hapo Mwembe Tayari, Mombasa, ila mwaka huu nimekuwa mtaalamu kwa lazima maanake mtoto wa dadangu kapata nafasi TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa, na anakaa mtaa wa Tudor, kwenye nyumba ya wanafunzi wenye ulemavu, wako sita, na matron na dada mmoja wa kuwasaidia. Yeye haoni. Laptop anatumia na NVDA, ile programu ya bure inayomsomea skrini, na kwa kutaipu anatushinda ukoo mzima.

Wifi ya nyumba ipo na imo ndani ya kodi, tukasema basi yamekwisha. Kumbe kila siku inaleta ukurasa wake utie namba upya, na aliyetengeneza ule ukurasa vitufe hakuvipa majina, kwa hiyo NVDA ikifika pale inasema "batani, batani, batani" na kijana hajui cha kuingilia ni kipi. Kila asubuhi amwite mwenzake aje ambonyezee, na mwenzake akishatoka kwenda klasi ndo basi tena, asaimenti inalala. Spidi ilikuwa sawa tu! Kila niliyemuuliza alinijibu mambo ya spidi, hakuna hata mmoja aliyeniuliza huyo mtoto anaingiaje. Matron alisema atamwambia mwenye nyumba, hadi leo twangoja.

Nikageukia fiba, ule mtandao wa kebo unaovutwa hadi ndani ya nyumba. Ya Safaricom ya chini nilipouliza ilikuwa 2,999 kwa mwezi, 15 Mbps, na usidhani hizo ni MB 15 kwa sekunde, hizo ni megabiti, gawa kwa 8 upate MB, unabaki na karibu 2, na kwa mwanafunzi mmoja zinamtosha na kubaki. Kampuni nyingine, jina nalihifadhi, ikasema yaweza kuja mapema. Fundi kaja matron hayupo, askari wa geti kamgomea. Kaja mara ya pili anataka kutoboa ukuta, aambiwa alete barua ya mwenye nyumba. Mimi natoka Likoni, feri nimevuka mara mbili bure. Cha kuchekesha, kebo za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, ile iitwayo TEAMS tangu 2009, mtandao umevuka bahari nzima umekwama kwenye geti la Tudor.

Mwisho nikanunua rauta ya 4G Digo Road, isiyofungwa kwa kampuni moja, 6,500 baada ya kubishana sana. Utoboe nini, uombe ruhusa kwa nani, unatia laini unachomeka. Paswedi nilimwekea mara moja, sasa laptop ikiwashwa inaunga yenyewe, hakuna ukurasa wala batani. Bando namnunulia mimi nikiwa dukani kwa M-Pesa. Ile nyumba ni ya zamani, kuta nene za mawe, kwa hiyo iweke dirishani, tulipoiweka chini ya meza kurasa zilikuwa zinazunguka tu bila kufunguka.

Ubaya upo. Haina betri, stima ikipotea nayo imezima. Bando lina kikomo, na wiki ya kwanza Windows ilijiapdeti ikakomba karibu lote, ikabidi niende settings niiambie mtandao huu ni wa kupimwa ("metered"), yaani isishushe mambo makubwa yenyewe, fanyeni hivyo siku ya kwanza kabisa. Zoom yenye video nayo yala sana, nikamwambia azime, akanijibu, "Mjomba, kwani mi naangalia nini?"

Rauta naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya zile taa: kijani mtandao upo, nyekundu haupo, na hakuna sauti wala mlio wowote. Yeye huishika kwanza kwa kiganja, ikiwa na joto ajua stima ipo, hapo ndo anipigia kuuliza bando limekwisha ama ni kampuni.