Kadi za Mkono: Muhuri wa Maua Upi Ununuliwe Kwanza, na Karatasi Gani ya Mapambo Iufuate

Mtu anayeanza kutengeneza kadi za harusi, za Idi, za Krismasi au za kumpa pole mfiwa mara nyingi hufanya manunuzi yake kinyumenyume. Hubeba kwanza karatasi za mapambo kwa kuwa ndizo zinazovutia dukani, kisha huchukua muhuri mkubwa wenye maua yaliyosongamana, na wino huwa ni wowote uliokuwa karibu na mkono wa muuzaji. Fedha ikiwa ni ya kuhesabu, mpangilio unaofaa ni karatasi nzuri ya kadi yenyewe, wino mmoja mweusi wa kutegemewa, muhuri, halafu ndipo karatasi za mapambo. Hata hivyo muhuri ndio unaowatatiza wanunuzi zaidi, kwa hiyo nitauanza huo. Nimeipanga mihuri kwa kutazama mambo manne: inavyopokea wino, kama mgongaji anaona alama itaangukia wapi, inavyostahimili joto la kwetu, na kama inapatikana bila kuagiza kutoka mbali.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya mihuri angavu ya polima. Mihuri hii hutengenezwa kwa polima ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, na mgongo wake hunata wenyewe kwenye kibao cha plastiki ngumu inayoonyesha. Faida yake kubwa ni kwamba unaona kilicho chini. Anayetaka ua liketi kwenye kona, kikonyo chake kikipita juu ya ukingo wa karatasi ya mapambo bila kugusa maneno ya pongezi, anaweza kulipima jambo hilo kwa macho kabla wino haujashuka. Kibao kimoja hutumika kwa mihuri yote, na seti nzuri huwa na ua kubwa, ua dogo, chipukizi, majani mawili au matatu na maneno machache, vitu ambavyo vinaweza kupangwa upya kila mara. Ukichagua kati ya seti ya ua moja kubwa lenye kila kitu ndani yake na seti ya vipande vidogo vinavyoachana, chukua ya vipande. Ile ya kwanza hutoa kadi moja inayojirudia.

Katika kundi hilihili imo mihuri ya tabaka, ambayo kampuni ya Altenew ya Marekani imejulikana kwayo. Ua hugawanywa katika vipande vitatu au vinne, na kila kipande hugongwa juu ya kilichotangulia kwa wino uliokolea kidogo zaidi, mpaka petali zipate kivuli kana kwamba zimepakwa brashi. Matokeo yake ni mazuri mno, lakini simshauri anayeanza aianzie hapo. Ua moja jekundu hudai pedi tatu za wino za rangi ya ukoo mmoja, na gharama ya pedi hizo huupita muhuri wenyewe kwa urahisi.

Polima ina tabia zake. Muhuri mpya huukataa wino, ukaona ua limetoka na mabaka meupe. Hiyo si kasoro ya kumrudishia muuzaji, kwani usugue taratibu kwa raba ya penseli, uuoshe kwa sabuni na utapokea. Baada ya muda hugeuka manjano, na umanjano huo hauharibu kitu. Kinachouharibu ni jua la dirishani na wino wenye kiyeyushi kikali. Mgongo ukiacha kunata, maji na sabuni tena, kisha uache ukauke wenyewe bila kuupangusa kwa kitambaa chenye manyoya.

Tahadhari kubwa ni mihuri ya silikoni, ambayo ni angavu vilevile, huuzwa rahisi sana, na kwenye picha za mitandaoni haitofautiki na polima. Silikoni haipendi wino: utaona matone madogo yamekusanyika juu ya petali kama maji kwenye jani la mgomba, na ua likigongwa hutoka na vitobo ambavyo raba haivimalizi. Tafuta neno "photopolymer" kwenye pakiti, na lisipokuwepo, mwombe muuzaji akuruhusu kugonga mara moja. Akikataa, una jibu. Silikoni naiweka nafasi ya mwisho katika orodha hii yote, hata ikiwa bei yake ni robo ya bei ya polima.

Nafasi ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji, maana haipo kwenye maduka ya vifaa vya sanaa. Ni fundi mihuri, yule yule anayezitengenezea shule, zahanati na maduka mihuri ya ofisini, na ambaye hakosekani Kariakoo, katikati ya Nairobi, Mombasa wala katika mji wowote wenye ofisi. Seti zinazoagizwa kutoka nje zimejaa waridi, tulipu na maua ya nchi za baridi. Anayetaka kadi ya harusi ya Pwani yenye asumini, kilua au langilangi atatafuta mpaka achoke, ilhali fundi anaweza kumchongea ua hilo kwa muda mfupi, kwa bei inayokaribiana na ya muhuri wa kawaida wa duka.

Sharti ni kumpa maelekezo sahihi, kwa sababu amezoea maandishi na nembo. Mpelekee mchoro mweusi tii juu ya karatasi nyeupe, usio na kivuli cha kijivu hata kidogo, kwa kuwa mashine yake inajua mahali pa kubakiza mpira na mahali pa kuondoa tu. Mistari isiwe myembamba kupita nusu milimita. Mishipa ya petali iliyochorwa kwa ncha ya sindano itakatika au itaungana na kuwa doa. Mwambie unataka muhuri wa kushika kwa mkono na si ule wa kujipaka wino wenyewe. Huu wa pili, wa aina ya Trodat au Colop, una wino mwepesi wa majimaji unaosambaa kwenye manila, na kasha lake humzuia anayegonga kuona vizuri alama itaangukia wapi. Mwambie pia mpira uchimbwe kina cha kutosha, vinginevyo sehemu tupu kati ya maua zitagusa karatasi na kuacha michirizi. Kabla ya kulipa, gongeni pamoja mara tatu kwenye karatasi uliyokuja nayo wewe, si kwenye daftari lake la majaribio.

Muhuri wa mpira uliogandishwa kwenye kibao cha mti unashika nafasi ya tatu kwa mtu wa kawaida, na ya kwanza kwa anayeuza kadi kwa wingi. Mpira wake hupikwa pamoja na salfa, ufundi ambao Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, na ndiyo maana hauogopi wino wa aina yoyote, hauhitaji kuzoeshwa, na hutoa mistari myembamba kwa usafi kuliko polima. Ukigonga kadi mia za muundo mmoja, ua la mwisho litalingana na la kwanza. Ubaya wake ni kwamba unagonga kwa kukisia, unachukua nafasi kabatini, na bei yake ni kubwa. Uhifadhi uso ukitazama chini, mbali na jua, kwani mpira uliopigwa na joto la miaka hukakamaa na kupasuka.

Nafasi ya nne ni kuchonga mwenyewe kwenye raba kubwa ya kufutia au kwenye kipande cha linoleamu. Gharama ni ndogo kuliko njia zote, na jani la mgomba au la mkoko huchongeka vizuri, lakini ua lenye petali nyingi linadai mkono uliozoea.

Vibao vya mti wa msaji kutoka India, vinavyochongwa hasa Pethapur katika jimbo la Gujarat na kutumika sana Bagru na Sanganer karibu na Jaipur, nimeviweka nafasi ya tano ingawa ni vizuri kuliko vyote kuvitazama. Vimechongwa kwa ajili ya kitambaa, ambacho hutandikwa juu ya meza yenye godoro na kunyonya rangi. Karatasi ni ngumu na mti ni mgumu, basi ua hutoka nusu. Mwenye kibao hicho tayari asikitupe: aweke sponji bapa chini ya karatasi, na wino aupake kwenye kibao kwa kipande cha sponji badala ya kukikandamiza kwenye pedi.

Wino hauhitaji orodha ndefu, isipokuwa usinunue kabla ya kujua utapakaje rangi. Utakayetia rangi za maji ndani ya petali unahitaji wino usioyeyuka kwa maji ukishakauka, kama VersaFine ya Tsukineko ya Japani au Archival ya Ranger. Utakayetumia kalamu za rangi za spiriti unahitaji Memento, ambayo haitiririki ikiguswa na spiriti. StazOn, iliyo hodari kwenye plastiki na kioo, itakuchafulia ua zima ikikutana na kalamu hizo. Wino wa kawaida wa pedi za ofisini haufai kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Asumini ni jeupe, na ukitaka litokee jeupe kweli juu ya manila ya kijani kibichi au ya buluu iliyoiva, lazima wino uwe wa pigmenti, ambao hukaa juu ya karatasi na kukauka polepole. Katika mji wenye unyevu kama Mombasa au Unguja, mpe wino huo usiku mzima kabla ya kufunika kadi.

Kuhusu karatasi ya kadi yenyewe, kipimo cha kuuliza ni gramu kwa mita ya mraba, na kati ya 250 na 300 ndipo kadi inaposimama mezani bila kujikunja. Manila nyembamba inafaa kwa tabaka la juu, si kwa kubeba kadi. Karatasi moja ya A4 ikikatwa katikati hutoa kadi mbili za ukubwa wa A6 zikishakunjwa. Kabla ya kununua pakiti nzima, ipinde karatasi moja kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja: upande unaopinda kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi zake, na kunjo la kadi likienda sambamba na nyuzi hizo halitachanika wala kuonyesha manyoya.

Sasa karatasi za mapambo. Chaguo la kwanza ni kitabu kidogo cha inchi 6 kwa 6, yaani kama sentimita 15, kwa sababu maua yake yamepunguzwa yalingane na kadi. Karatasi za inchi 12 hutoa zaidi kwa fedha ileile: moja yenye sentimita 30.5 kila upande hukatwa vipande sita vya milimita 100 kwa 143, ambavyo vikibandikwa juu ya kadi ya A6 huacha ukingo mweupe wa milimita mbili na nusu pande zote. Lakini angalia ukubwa wa mapambo. Waridi lenye upana wa kiganja hupendeza kwenye karatasi nzima, na likikatwa kwa kadi hubaki shavu moja la waridi ambalo hakuna atakayelitambua. Chaguo la tatu ni karatasi ya kufungia zawadi, ambayo ni rahisi na inapatikana kila mahali, ila ni nyembamba. Gundi ya maji huifanya ijikunje kama ngozi ya maziwa, basi ibandikwe kwa gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili. Kuchapisha mwenyewe kwa printa ya wino wa maji nakuweka mwisho, maana tone moja la gundi hulisambaza ua.

Kosa linaloharibu kadi nyingi kuliko uchaguzi mbaya wa muhuri ni kuweka maua juu ya maua. Karatasi iliyojaa maua ikigongwa ua juu yake hakuna kinachoonekana, na fedha zote mbili zimepotea. Kanga imelitatua jambo hilo zamani: pindo limejaa, mji una nafasi ya kupumua, na jina limewekewa mahali pake. Kwa hiyo kwa kila karatasi mbili za maua unazochagua dukani, chukua moja ya mistari, vitone au mirabaraba, na nyingine ya rangi moja iliyomo katika yale maua. Ua la muhuri ligongwe kwenye kipande kitupu, likatwe kwa mkasi, kisha libandikwe juu ya karatasi ya mapambo. Na ukibandika juu yake tabaka tatu zilizoinuliwa kwa sponji, jaribu kwanza kama kadi inaingia kwenye bahasha ya C6, ambayo ina milimita 114 kwa 162 na haina nafasi nyingi ya kwenda juu. Bahasha zinunuliwe siku hiyohiyo, kwa idadi ileile ya kadi.